Diski ya Kushoto

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alipouliza ile diski mbovu iko wapi, mzee alijibu kwa majivuno kidogo kwamba ameshaitoboa.

"Umeifanyaje, baba?"

"Nimeitoboa. Matundu matano. Nimeazima drili kwa seremala, nikaikandamiza kwenye jiwe la kufulia hapo uani, nikatoboa mpaka upande wa pili. Sasa hata aje nani, hapati humo neno hata moja."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani, kiatu kimoja amekivua na kingine bado. Alikuwa anasikiliza. Kutoka kwenye rafu, ndani ya boksi la kompyuta, ilitoka sauti ndogo, kavu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Tak, tak, tak. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Hiyo sauti imeanza saa ngapi?"

"Tangu saa tano. Si inanakili? Uliniambia itanakili yenyewe. Ilikuwa inahesabu vizuri tu kwenye kioo, asilimia moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi na moja ikapumzika."

"Baba," mkwe alisema taratibu, "diski ikiwa nzima hailii hivyo."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemvumilia kijana. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, na kwenye ukingo wa shati kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Alikuwa hajalipangusa. Alitaka lionekane.

Chumba hicho kilikuwa stoo zamani. Sasa kilikuwa ofisi: meza moja, viti viwili, feni, na ile rafu. Humo mkwe wake alifanya kazi ya kuandika maelezo ya watu kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, na kwa miezi mitano alikuwa na kazi moja tu. Kiwanda cha mabati ya saruji, kilichofungwa miaka tisa iliyopita, kilikuwa kimewaachia wafanyakazi wake vifua vibovu kwa vumbi lake la asbesto. Waliobaki walidai fidia kwenye baraza la kazi. Baraza lilitaka maelezo ya kila mmoja, sauti na maandishi, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatatu. Watu sitini na watatu walikuwa wamepita kwenye kile kiti cha pili, wakasema na kukohoa na kusema tena. Saba kati yao walikuwa wameshazikwa.

Kwa kazi ya namna hiyo, mzee ndiye aliyesema kompyuta moja haitoshi. Alisoma kijitabu cha maelekezo kwa wiki nzima, kamusi pajani, mpaka akaelewa habari ya diski pacha: kila kinachoandikwa kwenye diski moja, mashine yenyewe inakiandika na kwenye ya pili papo hapo. Ikifa moja, nyingine inabaki na kila kitu. Unaitoa iliyokufa, unaweka mpya, mashine inanakili upya. Akanunua diski tatu, mbili za kutumia na moja ya akiba, kwa kiinua mgongo chake kilichobaki, wala hakumwambia mkewe bei mpaka zilipokuwa zimeshafungwa ndani ya boksi na haziwezi kurudishwa dukani.

"Hebu subiri," mkwe alisema. Aliweka mkoba chini. "Asubuhi nilikupigia nikiwa mjini. Nikakwambia onyo limeingia kwenye simu yangu, diski ya kushoto inakufa."

"Ukaniambia."

"Ukasema utaibadilisha mwenyewe."

"Nikasema. Na ukasema haya, baba." Akahesabu kwa vidole. "Nikazima mashine. Nikafungua ubavu. Nikatoa ya kushoto. Nikaweka mpya. Nikafunga, nikawasha. Kijitabu kilikuwa wazi mbele yangu, sikuruka mstari."

"Basi kwa nini inayolia ni ile iliyobaki?"

Mzee hakuona sababu ya kubishana. Aliingia chumbani kwake akarudi na daftari lake kubwa lenye jalada gumu. Katika kiwanda hicho hicho alikuwa karani mkuu wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo haikupotea karatasi hata moja. Mpaka leo walimwita Bwana Masjala, hata watoto wa mtaani wasiojua masjala ni nini. Zamani hizo karani mwenzake alifukuzwa kazi kwa sababu karatasi ya kaboni yenye mishahara ya mabwana wakubwa ilikutwa sokoni imefungiwa maandazi. Tangu siku hiyo yeye alichoma kaboni zote kwa mkono wake na kuandika: tarehe, idadi, sahihi. Siri ya mtu haiendi jaani. Hivyo ndivyo alivyoitunza masjala, na hivyo ndivyo alivyoitunza ofisi ya mkwewe. Ndiye aliyeamuru simu ya kurekodia ifutwe kila jioni, na maandishi yasichapwe kwenye karatasi mpaka siku ya kuwasilisha. Na mkwe alipopendekeza waweke nakala nyingine mahali pengine, alimuuliza: "Ya tatu ya nini? Unataka siri za watu zizagae kama matangazo?"

Alifungua ukurasa, akavaa miwani.

"Vifaa vilivyoharibiwa," alisoma. "Moja. Diski ya kushoto, mbovu. Imetobolewa matundu matano, saa tano na nusu, mbele ya mke wangu kama shahidi. Namba ya diski inaishia na nne, saba, mbili."

Mkwe alikuwa ameinama kwenye kioo cha kompyuta. "Rudia namba, baba."

"Nne, saba, mbili."

"Hapa diski inayokufa inaishia na tisa, sifuri, nane."

"Hiyo ni ya kulia."

"Hii imeandikwa KUSHOTO. Niliandika mwenyewe siku ile tunaifunga. Wewe ulikuwa unanitajia."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye shati, na lile vumbi la chuma likaingia kwenye kioo chake. Akaivaa tena. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, mpaka siku waliyoifunga mashine. Mwandiko wake mzuri, uliolala upande mmoja kama mpunga, ulikuwa palepale. Kushoto: tisa, sifuri, nane. Kulia: nne, saba, mbili.

"Siku ile," mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "ulikuwa umesimama wapi ukinitajia?"

"Nyuma ya boksi. Nyaya si ziko nyuma?"

"Na leo?"

"Leo nyuma hakuna nafasi. Mama yako aliisukuma rafu ukutani apate kupiga deki. Leo nimesimama..."

Aliinua mikono yake miwili mbele yake, akaitazama. Kisha akajigeuza, polepole, mikono bado hewani, mpaka mgongo wake ukawa upande ule uliokuwa na uso. Mkono wa kushoto, uliokuwa unaelekea dirishani, sasa ulikuwa unaelekea mlangoni. Akajigeuza tena kurudi alikotoka. Mara ya tatu akashindwa, akabaki nusu, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Mkewe alitokea mlangoni na bakuli la maharage aliyokuwa anachambua. "Na wewe mzee, unacheza hapo? Muziki uko wapi?"

Tak, tak, tak, ilisema mashine.

"Mna nini? Nani amekufa?"

"Ametoboa nzima, mama," mkwe alisema. "Iliyobaki ndiyo mbovu."

Mama hakujua habari za diski, lakini aliwajua watu wawili hawa. Alimtazama mumewe, akamtazama mkwewe, akaliweka bakuli juu ya kiti, kile kiti cha wasemaji. "Zima hiyo kitu kwanza," alisema. "Mnaiangalia inakufa?"

Mkwe aliruka akaizima. Mzee alisikia feni, alisikia kuku wa jirani. Akatembea mpaka uani. Diski ilikuwa bado juu ya jiwe la kufulia, imepigwa jua. Aliinama akachungulia kwenye tundu la katikati. Lilikuwa tundu safi kabisa. Upande wa pili aliona jiwe.

Ndani ilisikika sauti ya mkewe. "Mtukane basi! Mimi nakuruhusu. Mtukane nikusikie!"

"Siwezi kumtukana baba, mama."

"Basi mimi nitakutukania. Mzee! Wewe mzee mjuaji wewe!"

Lakini sauti yake ilikatika hapohapo, kwa sababu mkwe alikuwa ameanza kulia, na hakuwa mtu wa kulia. Mume wake, mtoto wa nyumba hii, alikuwa dereva wa lori la masafa, wiki tatu njiani na siku nne nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwona mkwe akilia hata siku ya kumsindikiza.

*

Duka la fundi wa kompyuta lilikuwa na benchi moja la wateja, na Jumanne mzee aliketi hapo tangu linafunguliwa, mkwewe ubavuni, mfuko wa karatasi magotini. Fundi alikuwa msichana mwembamba mwenye taa iliyofungwa kwenye paji la uso. Alimaliza kwanza simu ya mwanamke mmoja, kisha redio ya gari, kisha akanyoosha mkono.

"Lete mgonjwa, babu."

Mkwe alimpa ile inayolia. Fundi aliiweka sikioni, akaitikisa kidogo sana, akakunja uso. "Hii inaumwa. Kichwa chake kinagusa sahani. Lakini kitu kidogo kidogo naweza kukitoa. Nipe mpaka Jumatano. Si ilikuwa na pacha?"

"Ilikuwa nayo," mkwe alisema.

"Pacha yuko wapi?"

Mzee alitoa diski kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza ya kioo. Fundi aliinyanyua kuielekeza dirishani. Mwanga wa barabarani ulipita katika matundu matano na kuanguka kwenye shavu lake kama madoa. Aliangua kicheko, kicheko kizuri cha mtu anayedhani anataniwa.

"Jamani! Nani huyu? Wezi?"

"Mimi," mzee alisema.

Kicheko kilikatika. "Kwa nini, babu?"

"Kulinda siri za watu. Nilidhani imekufa. Sikutaka itupwe jaani mtu akaiokota."

Fundi aliizungusha diski mkononi. Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa tu hajajifunza bado kwamba kuna mambo mzee haambiwi. "Ungeitupa jaani, babu," alisema. "Ungeitupa jaani ikanyeshewa mwezi mzima, ningekurudishia kila kitu. Hata ungeitia kwenye ndoo ya maji. Ungeipiga nyundo moja, mbili, ningejaribu. Lakini hivi?" Aliirudisha mezani. "Aliyefanya hivi alijua anachokifanya."

Yule mwanamke wa simu, ambaye bado alikuwa anahesabu chenji yake, alisema, "Masikini mzee wa watu." Mzee alisimama akamshukuru. Hata yeye hakujua anamshukuru kwa nini.

*

Jumatano alasiri fundi alirudisha kilichopatikana. Faili ishirini na mbili. Mkwe alizisikiliza moja moja, na mzee akakaa pembeni na orodha ya majina, akiweka alama kwa penseli. Baadhi zilikuwa nzima. Baadhi zilianza na salamu, zikaendelea kwa dakika mbili, kisha zikageuka mlio mmoja mrefu kama filimbi ya mwamuzi. Kati ya wale saba waliozikwa, alipatikana mmoja, naye sauti yake ilikatikia pale alipokuwa anataja mwaka aliozaliwa.

Mzee aliuliza swali ambalo alikuwa amelizuia tangu asubuhi. "Na yangu?"

Mkwe hakugeuka. "Yako ipo, baba."

"Yote?"

"Yote. Saa moja na nusu."

Alikuwa wa kwanza kurekodiwa. Alijitolea mwenyewe, ili wengine waone mfano. Alieleza kwa saa moja na nusu jinsi masjala ilivyopangwa, makabati kumi na manne, rangi za majalada, utaratibu wa funguo. Hakuwahi kufanya kazi ndani ya vumbi. Kifua chake kilikuwa safi. Na hapo, kutoka kwenye spika ndogo, sauti yake ilitoka ikiwa nzima, haina hata mkwaruzo: "Kwanza kabisa, ndugu wasikilizaji, naomba ieleweke..."

"Zima," alisema. "Zima, mwanangu."

Nje, mama alikuwa anaanua nguo, na kibanio kimoja kimoja kilisikika kikianguka ndani ya kopo.

"Kesho tunakutana na wafanyakazi," mkwe alisema hatimaye. "Nimefikiri. Nitasema ni umeme. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukaunguza. Kila mtu ana kitu kilichounguzwa na umeme, hawatauliza sana."

"Hiyo si kweli."

"Najua si kweli, baba. Mashine ni yangu, kazi ni yangu. Watanikasirikia mimi siku mbili, tatu. Wewe..." Alitafuta neno. "Wewe wanakusalimia njiani kwa kuvua kofia."

Mzee alikunja orodha ya majina mara mbili, akaikunjua, akailainisha kwa kiganja. Alijua jibu analopaswa kulitoa. Alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini alikuwa na miaka sabini na minne, na njiani watu walimvulia kofia.

"Fanya unavyoona," alisema.

Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na kapu la nguo. Hawakujua amekuwapo kwa muda gani. Alipita, akaenda zake, na jioni ile alimwandalia mumewe chakula peke yake, kwenye sahani ya wageni.

*

Mkutano ulikuwa Alhamisi saa tisa mchana, katika darasa la shule ya msingi, watoto wakiwa wameshaondoka. Wanaume na wanawake wazima walijibana kwenye madawati madogo, magoti yakigonga mbao. Kulikuwa na kukohoa, hapa na pale. Mwenyekiti wao, aliyekuwa mwendesha tanuri, mtu mnene wa sauti nzito, alisimama mbele ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za kugawanya. Mzee alipoingia, watu watatu walinyanyuka kumpisha. Akakaa mstari wa mbele.

Mkwe alisema aliyopanga kusema. Umeme ulikatika, ukarudi. Zilizopona ni ishirini na mbili. Kesho zitapelekwa hizo, na maombi ya muda wa ziada kwa zilizobaki.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha walielewa wote kwa pamoja.

"Ishirini na mbili kati ya ngapi?"

"Yangu imo? Nasema, yangu imo?"

"Mimi nimekaa kwenye kile kiti saa mbili, natema damu kwenye leso, leo unaniambia umeme?"

"Na marehemu?" aliuliza mtu wa nyuma. "Marehemu nao utawarekodi upya?"

Mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja. Ilipotulia, alimgeukia mkwe, na alisema bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Binti, hatukulaumu kwa umeme. Lakini hiki ndicho tulichokiogopa. Kazi ya maisha ya watu kuifanyia nyumbani, kwenye stoo, katikati ya sufuria."

"Si stoo, ni ofisi," mkwe alisema.

"Ofisi," mtu mmoja aliiga, na wachache wakacheka.

"Tulikosea tangu mwanzo," alisema mwingine, mzee mwenye fimbo. "Na mtu tulikuwa naye. Kwa nini hatukumpa Bwana Masjala? Miaka thelathini na mmoja, karatasi moja haijapotea! Angeshika yeye, leo tusingekuwa hapa."

"Kweli kabisa!"

"Apewe yeye! Binti arudishe kila kitu, mzee ashike!"

Walianza kupiga makofi. Yalikuwa makofi ya watu waliochoka wanaotafuta mahali pa kuegemea, nayo yalikuwa ya kweli. Mzee aliyasikia yakimjia mgongoni. Alimwona mkwewe akitazama sakafu, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alisimama. Makofi yakaongezeka.

"Sio umeme," alisema.

Hawakumsikia. Akangoja.

"Sio umeme. Ni mimi. Diski moja ilikuwa mbovu, moja ilikuwa nzima. Nikaitoa nzima nikidhani ndiyo mbovu. Kisha nikaitoboa kwa drili ili pasiwe na mtu wa kuisoma. Mkwe wangu hakuwapo. Hakuna alilolikosea ila kunisikiliza."

Mwenyekiti alitabasamu, akatikisa kichwa. "Mnaona? Mnaona mtu mzima? Anamfichia mkwewe aibu."

"Huyo ndiye Bwana Masjala!" alisema yule wa fimbo, macho yamemjaa machozi. Na wakampigia makofi tena, safari hii kwa kusimama, walioweza.

Miaka yote mzee alikuwa amejenga jina lake tofali kwa tofali, na sasa alikuwa ndani yake na hakuna mlango. "Nasema ni mimi," alirudia. "Niaminini!" Lakini sauti ilitoka nyembamba, na mtu wa karibu akamshika mkono kwa upole akitaka akae.

Mwanamke mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa mjane wa mtu wa mashine ya kuchanganya, aliyefariki miezi miwili iliyopita, mwanamke mrefu aliyekaa upande kwa sababu dawati lilimkataa. Alisubiri mpaka kelele ikaisha yenyewe.

"Shemeji," alisema. "Mimi nakuamini."

Darasa likageuka.

"Nilikwambia nitakuja kumsikiliza mume wangu nikipata nguvu. Unakumbuka? Nilikuja mpaka getini kwenu mara mbili, nikarudi. Nikasema sauti haiendi popote, iko kwa Bwana Masjala." "Sasa haipo?"

"Haipo, shemeji."

"Siku ile ulikuwapo anaposema?"

"Nilikuwapo. Nilikaa pale tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Basi niambie alisema nini."

Hakuna aliyekohoa. Mzee alisimama mbele ya ubao wa watoto, akaitafuta siku ile kichwani. Aliiona vizuri. Alimwona yule mtu akiingia, saa nne na dakika kumi, alikumbuka ameiandika. Alikumbuka shati lake la kijani. Alikumbuka taa nyekundu ya simu ya kurekodia, jinsi alivyoitazama dakika zote hamsini asije akaiacha ikazimika. Alitafuta neno moja. Neno lolote.

"Nilikuwa naangalia taa," alisema.

"Taa?"

"Kama inawaka. Sikusikiliza, shemeji. Nilidhani nitakuwa nayo."

Hapo waliamini. Iliwapata wote kama maji baridi, kila mmoja kwenye dawati lake, na mwenyekiti aliyekuwa bado na tabasamu usoni hakujua alipeleke wapi. Yule wa fimbo alisema, "Ee," basi, kama mtu aliyejikwaa. Hakuna aliyemtukana. Mzee angefurahi kutukanwa. Walimtazama tu, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kumtazama.

Mkwe ndiye aliyesema. Alisema akiwa palepale, mikono bado nyuma.

"Alisema alianzia kwenye magunia. Miaka minne ya magunia ndipo wakampa mashine. Alisema vumbi lilikuwa jeupe na laini, na siku za kwanza mlifurahi mkiliona, mlidhani ni usafi." Akafumba macho. Alikuwa ameyasikiliza maneno yale mara tano, sita, kidole kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, mpaka kila herufi ikae. "Alisema hakuna aliyewapa kitambaa cha pua. Alisema jioni mlitoka getini weupe kama mizimu, wala hamkujikung'uta, kwa sababu bwana mkubwa hakutaka gari lake lichafuke. Mlijikung'utia nyumbani. Alisema anavua ovaroli mlangoni na mke wake anaipokea, anaikung'uta uani kwa nguvu zote, vumbi linapanda mpaka kwenye majani ya mpapai, ndipo anaifua. Kila siku, miaka kumi na tisa. Alisema, 'Mke wangu alikuwa na mikono ya nguvu, nilipenda kumtazama.'"

Mjane alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Aliyasema hayo?"

"Aliyasema. Kisha akakohoa, nikasimamisha."

Mjane alitaka kujibu, lakini badala ya jibu kilitoka kikohozi. Aliinama. Kilikuwa kikohozi kile kile, kikavu, cha kutoka mbali, ambacho watu wote wa darasa lile walikijua kama wanavyojua kengele ya kiwanda. Kiliendelea kwa muda mrefu. Aliponyoosha mgongo, macho yalikuwa mekundu, na aliwakuta wanaume wote wamemkodolea.

"Nini?" alisema. "Mnaniangalia nini? Ninacho mwaka wa tatu huu. Hakuna aliyeniuliza."

Mwanamke wa mstari wa pili, mke wa fundi bomba, alisema polepole, "Na mimi." Mwingine karibu na dirisha alinyanyua mkono tu, kama watoto wa shule wanavyofanya. Mumewe, aliyekaa ubavuni mwake, alimgeukia na kuutazama ule mkono, mdomo wazi.

Mzee alikuwa bado amesimama. Majina sitini na matatu aliyaandika yeye mwenyewe, yote ya waliofanya kazi kiwandani, kwa mpangilio wa alfabeti, na hakuna aliyemkumbusha jina lililokosekana, wala yeye hakujua kwamba limekosekana. Alihesabu mikono iliyokuwa juu. Ilikuwa minne. Alipofika mwisho wa mstari ikawa saba, na ilikuwa bado inainuka.